Kitabu Chenye Jalada Gumu

Vitabu vilikuwa viwili, na mimi ndiye niliyechagua. Naanza hapo kwa sababu watu wa nyumba hii, wakisimulia habari za mume wangu, huanza na lori lililompakia, au na siku kitabu kiliporudi. Mimi najua mambo yalianzia dukani kwa Mgiriki, pale Kasongo, saa tatu ya asubuhi, nikiwa na kitabu kimoja mkono wa kulia na kingine mkono wa kushoto.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani mwa duka hilohilo, suruali za makarani na kanzu za Idi, na tangu anioe sikumsikia akitamani kitu kwa sauti isipokuwa kimoja: kuiona Elisabethville, mji mkubwa kule kusini. Alikuwa na ndugu kule, mtoto wa baba yake mdogo, fundi wa makoti. Huyo alimwandikia aje akae naye mwezi mmoja, ajifunze kukata koti, autembee mji mpaka achoke. Ikabidi aende kwa Bwana Mkubwa wa wilaya kuomba ruhusa. Wakamrudisha mara nne. Mara ya tano akatoka na karatasi yenye mihuri miwili. Zama zile za Wabelgiji mtu mweusi hakutoka kwao bila karatasi hiyo, na askari yeyote, mahali popote, aliweza kuidai.

Watu wa nyumba ya mume wangu ni Waislamu wa mjini, wa tangu zamani. Walisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wa baba mkwe wangu ulikuwa mzuri hata watu walimwomba awaandikie barua ili tu waiangalie. Herufi za Kizungu hawakuzijua. Shule zote zilikuwa za misioni, na mzee alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hataingia humo. Mimi ni Mbangubangu wa Kabambare. Nilikaa kwa Masista miaka minne, nikajua Kifaransa, kisha nikasilimu nikaolewa. Kwa miaka miwili waliniita "yule wa Masista", kwa utani, lakini utani wenye chumvi nyingi. Elimu yangu ilikaa bure kama nguo nzuri isiyo na pa kuvaliwa.

Basi mume wangu aliposema anataka kitabu cha kumwonyesha mji, nyumba nzima ikanigeukia. Sitaki kudanganya, nilifurahi kupita kiasi.

Mgiriki alivitoa vyote viwili. Cha kwanza kilikuwa chembamba, cha Kiswahili, karatasi za kijivu, kimetengenezwa kwa ajili ya wenyeji waendao mijini. Kiliingia mfukoni mwa shati. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa herufi kubwa: *Karatasi yako ikae mwilini mwako kila saa. Usiiache nyumbani hata ukienda bombani.* Nikasoma na kurasa zilizofuata, nimesimama hapohapo. Zote zilikuwa za namna hiyo: usipite huku, usikae kule, saa fulani uwe umekwisha toka kwenye mji wa Wazungu. Hapakuwa na picha hata moja.

Cha pili kilikuwa cha Kifaransa, kizito, jalada gumu la kitambaa chekundu. Mzungu mmoja wa kampuni ya pamba alikiuza alipokuwa anarudi kwao. Kilikuwa na picha za majumba ya ghorofa, na katikati ramani iliyokunjuka ikafunika kaunta nzima, njia zote zimeandikwa majina. Nilipoikunjua, watu waliokuja kununua chumvi walisogea kuangalia.

"Mama," Mgiriki akaniambia, "hii kidogo ndiyo ya watu kama ninyi. Ile kubwa iko ya Wazungu."

Hakusema kwa ubaya. Huenda alikuwa ananitakia mema. Lakini nilikuwa nimekwisha lishwa chumvi ya utani ya kutosha nyumbani kwa wakwe, sikuwa na nafasi ya kuongezewa na Mgiriki. Damu ikanipanda. Nikamrudishia kile chembamba, nikasema nataka kikubwa. Kwa malipo mume wangu alimshonea suruali mbili za kaki, tukakichukua.

Nyumbani baba mkwe alikipokea kwa mikono miwili. Alikipima uzito, akalipapasa jalada, akakinusa.

"Hii ndiyo kitabu," akasema, naye alikuwa amekwisha ambiwa kwamba vilikuwa viwili. "Na ile ingine ilikuwa inasema nini?"

"Ilikuwa mambo ya watoto, Baba."

Uongo huo ulinitoka mwepesi mno. Nimeishi nao tangu siku hiyo.

Kila alasiri baada ya sala tulikaa ukumbini. Mimi nilisoma Kifaransa na kukigeuza Kiswahili, mume wangu aliandika majina ya njia kwa herufi zake katika daftari dogo. Nilimsomea kuhusu posta, hoteli yenye ngazi za mawe, njia pana iliyopandwa miti inayotoa maua ya zambarau mpaka chini kunageuka rangi. Njia hiyo aliipenda kuliko zote. Aliniomba nimsomee habari zake tena na tena, na mimi nikaongeza maneno ambayo hayakuwamo, kwa kuwa nilipenda uso wake akisikiliza.

Alasiri moja akaniuliza, "Nyumba ya ndugu yangu iko fasi gani hapa?"

Nilitafuta. Ndugu yake alikaa mtaa wa watu weusi, nyuma ya reli. Nikafuata reli kwa kidole mpaka ng'ambo. Pale ramani ilikuwa nyeupe. Neno moja dogo liliandikwa, basi, hakuna njia, hakuna nyumba, na huko ndiko walikolala watu wote waliozijenga hizo hoteli.

"Iko hapa," nikasema, nikaweka kidole kwenye weupe.

Baba mkwe aliinama akaangalia muda mrefu. "Hawakuichora?"

"Hawakuichora, Baba."

Akakifunga kitabu mwenyewe. Siku ile hatukusoma tena. 

Asubuhi ya safari mzee alileta kitambaa cha kijani. Katika nyumba za Waislamu wa mjini karatasi yenye maana haikukunjwa wala haikutiwa mfukoni. Iliwekwa ndani ya kitabu, kitabu kikafungwa kitambaa, kikapandishwa juu ya rafu, mbali na miguu na mikono michafu. Hati ya kiwanja, tarehe za kuzaliwa, hata talaka, vyote vilikaa hivyo. Anayetembea na karatasi mfukoni ni tarishi, mtu wa kutumwa. Mzee akachukua ruhusa ya mwanawe, akailaza kwenye ramani, akafunika jalada gumu. Nilikiona kitabu kikiimeza.

"Baba," nikasema, "labda aiweke mu mufuko."

"Mu mufuko? Jasho itaharibu mihuri. Mutoto yangu iko tarishi?"

Hapo ndipo ningesema kwamba imeandikwa. Angeniuliza wapi, nami ningelazimika kukitaja kile kitabu cha "mambo ya watoto". Mume wangu alinitazama akicheka, akadhani naona haya mbele ya baba yake. Nikafunga kitambaa. Lori likapiga honi.

Barua ilikuja baada ya majuma matatu. Baba mkwe alitusomea ukumbini, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Treni ilikuwa njema, ndugu alikuwa mzima, koti la kwanza lilikatwa vibaya, la pili vizuri. Kitabu kimewekwa juu, kwenye rafu ya ndugu, na watu wa Kasongo walioko kule huja kukiona. *Na ruhusa iko salama ndani yake, haijapata hata mkunjo.* Wote walishukuru Mungu. Mimi nilitoka nikaenda jikoni, nikashika jiwe la kusagia nikasaga.

Nilitaka kumwandikia. Lakini mwandiko wangu angeusoma nani kule? Wote wawili walijua herufi za Kiarabu tu. Ilibidi nimwombe mzee aandike, na ili aandike ilibidi nimweleze. Nikajipa siku tatu za kupata ujasiri. Siku ya tatu alikuja mgeni, nikajisamehe, nikajipa nyingine tatu. Ndivyo nilivyozimaliza siku za ruhusa yake, moja baada ya moja, nikipepeta mchele na kuitikia salamu.

Mwezi ukaisha hakurudi. Ukaisha wa pili. Mzee aliandika barua mbili, hazikujibiwa. Akawa anakwenda kukaa mahali malori yanaposhusha watu, anarudi adhuhuri, nami nampelekea maji ya kunawa bila kumwangalia.

Kitabu kililetwa na mtu wa Kasongo aliyefanya kazi kwenye treni. Alikaa ukumbini, kofia mkononi, kifurushi cha kijani magotini.

"Siku ya Mungu, Jumapili, saa ine ya asubui," akasema, "alivaa kanzu, akashika daftari yake. Alisema anaenda kuangalia njia ya maua. Kitabu akaiacha juu, kwa sababu iko muzito, na si kitu ya kutembeza mu njia. Pale mu njia ya maua askari akamusimamisha. Akasema, karatasi. Yeye akajibu, iko ku nyumba, mu kitabu. Askari wakacheka. Wakamupandisha mu lori pamoja na wengine."

"Na ndugu yake?" baba mkwe akauliza. "Hakupeleka karatasi?"

Yule mtu aligeuza kofia yake. "Ruhusa ya ndugu yake ilikuwa imeisha, Baba. Aliogopa. Alifika ku mulango ya polisi, akarudi. Kisha akatuma mutu mwingine, wakamwambia hawamujui. Ile lori ilikwenda wapi, hakuna mutu anajua."

Hatukujua siku hiyo, na hatujajua mpaka leo.

Baba mkwe alifungua kitambaa taratibu. Alipoinua jalada, ruhusa ilikuwa pale juu ya ramani, imenyooka, safi, mihuri yake miwili bado inang'aa. Hakuigusa. Alikigeuza kitabu kikanielekea, akakisukuma mpaka magotini pangu.

"Soma," akasema. "Inasema walimupeleka wapi?"

Mgeni alitazama chini. Mzee hakuwa anatania, wala akili haikuwa imemtoka. Alikuwa ameniona alasiri nyingi nikitafuta kila kitu humo na kukipata.

"Kitabu haijui, Baba."

"Soma, mutoto yangu."

Nikakunjua ramani. Njia zote zilikuwa pale na majina yao. Ng'ambo ya reli palikuwa peupe vilevile. Machozi yalikuwa yananizuia kuona, lakini sikuhitaji kuona, maana maneno yale nilikuwa nayo moyoni tangu siku ya dukani. Nikayasema: "Karatasi yako ikae mwilini mwako kila saa. Usiiache nyumbani hata ukienda bombani."

Mzee akasogea karibu. Akaweka kidole chake cha kuandikia juu ya ukurasa. "Iko fasi gani hayo maneno? Nionyeshe."

"Hayako humu, Baba. Yako mu ile kidogo."

Akaondoa kidole juu ya ramani. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine. Aliichukua ruhusa ya mwanawe, akaikunja mara moja, akaikunja tena, akaitia mfukoni mwa kanzu yake. Alitembea nayo humo mpaka tulipomzika.