Jeni Haisomeki Kwenye Mchuzi

Mtafiti wa kaa huwalaza majike kwenye barafu kabla ya kuwapasua, akiwanong'oneza, "Samahani, mama." Anatafuta jeni inayokomaza mayai. Ovari, yaani mfuko wa mayai, ikiwa nyeupe bado ni changa, naye huiweka kando. Ikiwa ya rangi ya chungwa hutabasamu, akaitia kwenye kichupa na kukibandika lebo kwa vidole vinavyonuka bahari hata baada ya sabuni.

Jana alikuta tangi la majike waliokomaa likiwa tupu, na mkurugenzi wa maabara mezani akijifuta midomo.

"Dada, hawa wenye mayai ni watamu! Si utaagiza wengine?"

"Msimu umekwisha, mkuu. Na jeni haisomeki kwenye mchuzi."

Alivaa glavu, akaokota sahanini kipande cha rangi ya chungwa, akakitia kwenye kichupa na kuandika lebo: "Hatua ya mwisho. Imeliwa na mkurugenzi."