Mafuta Mepesi ya Gari la Mama

Mama aliagiza mawese Kabalo, akayapokea kwenye gare, stesheni ya reli, ya Kalemie, akayapandisha kwa gari lake mpaka kwenye milima ya Moba, kisha akashuka na maharagwe na viazi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika miaka ile ya Zaire, tangu baba alipofariki, na ndiyo iliyotulisha sote nyumbani. Gari lilikuwa la Kifaransa, lenye kiti kimoja kirefu mbele na turubai juu ya mizigo nyuma. Mimi nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi, na kila likizo nilisafiri naye.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, moteri, yaani injini, ilikufa mlimani. Gari likavutwa na lori mpaka mjini, mpaka kwa mekanisiye wetu, mzee mmoja aliyejifunza kazi katika karakana za reli na kufungua garaji yake nyuma ya gare. Aliifungua moteri yote, akaipanga kwenye gunia, kisha akamwita mama aone vyuma vilivyolika.

"Mafuta njo yameiua, Mama," alisema. "Muntu alitia mafuta ya taa ndani, akauza. Yakawa maji."

Mama hakubishana. Mafuta ya moteri yalitufikia kwa njia nyingi: mengine yalitoka Kigoma kwa mashua, katika makopo yaliyofunguliwa na kufungwa tena njiani, mengine yalitoka bandarini na hakuna aliyeuliza yametoka meli gani. Kwa hiyo Kalemie kila mwenye gari alikuwa na kipimo kimoja. Unachovya kidole gumba, unakibana na kidole cha shahada, kisha unaviachanisha polepole. Uzi wa mafuta ukinyooka mrefu kabla ya kukatika, mafuta ni mazima. Ukikatika upesi, umeibiwa. Niliwaona madereva wakifanya hivyo sokoni kwa uso uleule ambao wanawake huwa nao wakinusa samaki.

Mdogo wake mama aliishi Ubelgiji. Habari zilipomfikia, alitafuta vipuri vyote vya kuifufua moteri ile, akavituma ndani ya pipa lililopita Dar es Salaam na Kigoma kabla ya kuvuka ziwa. Ndani ya pipa, katikati ya nguo zilizokunjwa kuzunguka vyuma, kulikuwa na bidoni, dumu dogo, ya mafuta ya sintetiki. Hatukuwahi kuyaona. Alikuwa ametuma neno kwa msafiri kwamba haya hayakuchujwa tu kama yale tuliyoyazoea. Yameundwa kiwandani ili yavumilie joto na baridi, na mama asiweke mengine.

Mekanisiye aliianza kazi kwa moyo, kwa vipuri vile. Akafunga pete mpya za pistoni, akabadilisha mipira yote inayozuia mafuta yasivuje. Siku ya kutia mafuta, aliifungua bidoni mbele ya mafundi wenzake wawili na madereva waliokuwa wakisubiri magari yao. Akachovya kidole. Uzi ulikatika kabla haujawa uzi.

Dereva mmoja akapiga makofi. "Mama, ndugu yako amekutumia mafuta ya kupaka mutoto!"

"Basi jipake weye, Papa," mama akamjibu. "Uso wako umekauka tangu mwaka jana."

Watu wakacheka, lakini mekanisiye hakucheka. Aliifunga bidoni. Alisema hawezi kumwaga maji yale katika moteri aliyoifunga kwa mikono yake. Vipuri vilikuwa hivyo tu. Moteri ikifa mara ya pili, gari lingebaki kuwa nyumba ya kuku. Yeye alishauri mafuta mazito ya bandarini, yale ambayo uzi wake ulinyooka kama asali.

Mama alitazama bidoni, akamtazama mekanisiye. Nilijua alimwamini mdogo wake, na nilijua pia alimwamini yule mzee. Alichosema kilikuwa kifupi.

"Papa, wewe umeyapima yakiwa baridi. Moteri inafanya kazi baridi?"

"Hapana."

"Basi kesho njoo kwangu. Lete na hayo ya bandarini."

Siku ya pili, asubuhi, mama aliweka jiko la mbabula uani, akajaza makaa, na juu yake sufuria la mchanga anaotumia kukaangia karanga. Mchanga ule ukipata moto ni mkali kuliko maji yanayochemka. Karanga zinaiva humo bila kuungua. Alitoboa tundu chini ya makopo mawili ya nyanya kwa msumari mmoja, akaziba matundu kwa vijiti, akatia mafuta ya bandarini katika moja na ya mdogo wake katika lingine. Kwanza alichomoa vijiti makopo yakiwa baridi. Mafuta ya bandarini yalining'inia, yakafikiri, yakadondoka tone moja. Mapya yalitiririka.

"Umeona?" mekanisiye akasema.

"Nimeona. Sasa ngoja."

Akaziba tena, akayazika makopo katika mchanga mpaka shingoni. Akakaa kwenye kigoda. Wakati wa kungoja alimweleza mzee jambo ambalo mimi nilikuwa nimeliona maisha yangu yote bila kulifikiria: mawese yanayotoka Kabalo yakiwa laini, juu mlimani asubuhi yanaganda hata kijiko kinasimama; na mawese hayohayo, ukiyatia motoni, yanakuwa mepesi kama chai. Muuzaji anayepima mawese yaliyoganda, alisema, anapima baridi ya mahali, hapimi mafuta.

Makopo yalipotolewa, yale ya bandarini yalikuwa yameanza kutoa moshi na harufu ya kukera. Mama alichomoa vijiti kwa koleo. Mafuta mazito yalimwagika kwa mkondo mwembamba, haraka, kama maji ya birika. Mapya nayo yalitiririka, zaidi kidogo kuliko yalipokuwa baridi, lakini polepole kuliko yale mengine, bila moshi.

Mekanisiye alipiga magoti. Aliomba msumari, akatoboa makopo mengine mwenyewe, akatazama tundu kwa tundu kama yanalingana, akarudia kila kitu tangu mwanzo, na safari hii alibadilisha nafasi za makopo, mchanga usije ukawa na moto zaidi upande mmoja. Nilimpenda kwa hilo. Matokeo yalikuwa yaleyale.

"Mama," alisema hatimaye, akijifuta mikono, "nimepimia watu mafuta maisha yangu yote. Nilikuwa ninapima asubuhi tu."

"Asubuhi nayo ni sehemu ya siku, Papa."

Akacheka, kisha akawa mtu wa kazi tena. Sasa alikuwa na neno lake, na mama alilisikiliza kwa makini kama yeye alivyosikilizwa. Pete zilikuwa mpya, alisema. Hazijajuana na silinda. Zinahitaji kusuguana kidogo kwanza, na mafuta mazuri namna hii yatazizuia zisizoeane. Kwanza yatiwe ya kawaida, gari liende polepole mpaka Niemba na kurudi, bila mzigo. Kisha yeye atayamwaga yote na kutia ya Ubelgiji. Bidoni ilitosha kujaza mara moja tu, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kukosea. Mama akakubali palepale. Bila neno lile angeyatia ya Ubelgiji siku ileile.

Tulikwenda Niemba kwa mwendo wa baiskeli, na watu wa njiani wakituuliza kama tunasindikiza maiti. Mekanisiye aliyamwaga mafuta ya kwanza, akatia mapya, akapakia vifaa vyake katika gari.

"Unaenda wapi?" mama akamuuliza.

"Nitapanda na nyie. Kama itakufa, ikufe mbele ya macho yangu."

Basi tulipanda mlima watu watatu kwenye kiti kimoja, mawese nyuma. Taa nyekundu ya mafuta, inayowaka yakikosa nguvu, ilikuwa kwenye dashibodi. Moteri ile kabla haijafa, siku zake za mwisho, iliiwasha kila tulipofika kwenye kona za juu. Mama aliendesha, macho barabarani. Mzee hakuitazama barabara hata mara moja. Gari lilivuma, joto likapanda, likapita kona ya mwisho, na taa ile haikuwaka.

Tulilala kwa wakulima wanaotuuzia maharagwe. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe na mawese yamekuwa jiwe. Karibu nasi dereva wa lori alikuwa amelala chini ya gari lake, akiwasha magunzi ya mahindi chini ya moteri ili mafuta yake yayeyuke, akikohoa moshi na kutukana baridi. Mama aliingia, akageuza ufunguo. Moteri ikaitika mara moja.

Dereva akatoka chini ya lori, uso mweusi kwa masizi. "Mumewasha moto wapi nyie?"

"Hatukuwasha," mekanisiye akajibu.

"Unanidanganya, Papa. Ni dawa gani umeweka?"

Mzee alifungua boneti, akachomoa fimbo ya kupimia mafuta, akamwonyesha. Mafuta yalikuwa kwenye alama ya juu, hayakupungua. Yule dereva, kama ilivyotarajiwa, akayabana kwa vidole viwili. Uzi ukakatika.

"Hii si maji hii?"

"Mimi pia nilisema hivyo," mzee akasema. "Una karanga katika lori? Una mchanga? Kaa chini nikueleze. Lakini usiniulize mimi niliyachaguaje, mwenye kuchagua njo yule mama pale."

Mama alikuwa tayari ameshuka na kuanza kuhesabu magunia ya maharagwe na wakulima. Aliposikia anatajwa aliinua kichwa.

"Papa, mueleze upesi. Tuko na mzigo wa kushusha, na wiki ijayo tunapanda tena."