Nusu Saa Juu ya Barafu

Habari ya kifo chake ilinikuta na kijiko mdomoni. Nilikuwa nimekaa mahali pangu pa siku zote, ghorofa ya pili ya mgahawa mmoja hapa Guangzhou, mtaa wa Dengfeng, pilau iko mbele yangu na simu nimeiegemeza kwenye chupa ya pilipili. Ujumbe wa sauti ukaingia kutoka Moshi. Mdogo wake alisema maneno machache, kama wasemavyo watu waliokwisha kulia: "Kaka, mwenzako ametutoka asubuhi hii. Ni moyo. Tunamzika Jumamosi, kihambani, shambani kwa ukoo." Mama mwenye mgahawa, Mpemba ambaye haimpiti sahani wala sura ya mteja, akanijia. "We baba, leo umemeza nini? Mbona kimya?" Wasomaji wangu mnanijua. Mimi nikinyamaza, watu huuliza kama kuna msiba. Safari hii ulikuwapo.

Marehemu hakuwa rafiki yangu wa kulala na kuamka pamoja. Alikuwa wakala. Wafanyabiashara wa nyumbani walikuwa wakimpa kazi ya kukagua mizigo viwandani kabla haijaingia kontena, naye alikuwa akilipwa ujira wake na kurudi chumbani kwake Xiaobei kunywa chai ya tangawizi. Mchaga mrefu, mkavu, aliyetembea kama mtu anayepanda mlima hata akiwa kwenye daraja la waenda kwa miguu. Kabla ya kuja China alipanda Kilimanjaro miaka mingi, mabegi ya watalii kichwani. Alikuwa mmoja wa wale wapagazi ambao kule Moshi huitwa wagumu. Mimi nilimwita Mangi, kama tunavyowaita Wachaga wote wenye duka na wasio na duka. Yeye aliniita Mnyamwezi, na siku akitaka kunichokoza aliniita bosi.

Na kweli mimi ni bosi, sioni sababu ya kuficha. Nimeishia darasa la saba, tena la saba lenyewe nililimaliza kwa kubebwa. Nilianza Kariakoo na soksi begani, jozi kumi na mbili, jua na mvua ni zangu. Leo nikiingia kiwandani, laoban mwenyewe, yaani mwenye mali, hutoka ofisini kunipa chai, na wapo wenye shahada mbili wanaonipigia simu kuniuliza zipu ipi ni nzuri. Kitambaa nakijua kwa vidole. Nikishika, nikakikunja kwenye ngumi, nikachoma uzi mmoja kwa kiberiti na kunusa moshi wake, nimemaliza. Pale Zhongda, kwenye soko la vitambaa, wananiogopa. Hiyo ndiyo elimu yangu na imenilisha. Ila kuna kitu kimoja ambacho vidole vyangu havikukijua, na aliyenifundisha ndiye huyu tuliyemzika Jumamosi.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata oda kutoka Moshi. Mtu mmoja mwenye kampuni ya kupandisha watalii alitaka makoti na viatu vya baridi vya kuwavisha wagumu wake, mamia ya watu, na kama vingemfaa angekuwa mteja wangu wa kila msimu. Nilimpa neno langu kwamba mzigo ungeondoka kabla ya mwaka mpya wa Wachina. Mwenye kujua Guangzhou anajua maana yake: sikukuu ile ikifika viwanda hufungwa, mafundi hurudi makwao, na mji mzima unakuwa kama duka lililoshushwa shata. Usipopakia kabla, unakaa wiki na wiki ukitazama kuta. Makoti yakashonwa, viatu vikagundishwa. Nikaenda kiwandani, nikashika, nikakunja, nikachoma uzi. Nikavaa koti moja nikasimama mbele ya kiyoyozi cha ofisi kwa dakika kama tano, jasho likanitoka. "Mei wenti," akasema laoban, mama mmoja mchangamfu, yaani hakuna tatizo. Na mimi nikasema mei wenti. Ilibaki saini ya mkaguzi tu, maana mteja wa Moshi alisisitiza akague mtu wa mlimani, na mtu wa mlimani hapa mjini alikuwa mmoja.

Mangi akalishika koti lile, akalitazama, akalirudisha juu ya meza. "Sisaini," akasema. Nikamuuliza lina kasoro gani. "Sijui. Na wewe hujui. Hapa watu wamevaa shati, wewe unapima koti la baridi?" Nikamwambia zimebaki siku sita za kupakia. "Siku sita zinatosha kwenda kwenye theluji na kurudi," akasema, "au bosi unaogopa baridi?" Hapo ndipo aliponipata. Mimi siambiwi naogopa.

Tukapanda ndege kwenda kaskazini kabisa, kisha basi, mpaka kwenye milima ambako matajiri wa Kichina huenda wakati wa baridi. Tulifikia nyumba ya mzee mmoja wa kijijini, kitanda cha matofali chenye moto chini yake, ukilala unahisi kama andazi kwenye kikaango. Asubuhi nikavaa koti na viatu vya mzigo wetu, nikatoka nje na kuuona mlima mweupe, vijana wa nguo za rangi wanashuka juu ya vibao kama wamerushwa na manati. Nikamwambia Mangi nakodi vibao vile, nishuke, nipigwe picha, niwarushie wa Kariakoo. Akacheka mpaka akashika mti. "Umeona mgumu gani anashuka Kilimanjaro kwa kuteleza? Sisi tunatembea, Mnyamwezi. Tunatembea na mzigo." Akakodi viatu vya wavu, vile vipana vya kukanyagia theluji usizame. Akajaza mabegi mawili magunia ya mchele ya mwenyeji wetu. Begi moja akaliweka mgongoni kwangu kwa mikono yake, akanipigapiga bega. "Si mnasema wenyewe, mzigo mzito mpe Mnyamwezi? Haya, babu zako walitembea nao mpaka pwani."

Tukatembea. Sijawahi kusikia kimya kama kile cha msitu wenye theluji. Hata kikohozi chako unakionea aibu. Watoto walipita wakiburutwa kwenye vibao vya mbao, mama mmoja akatucheka, mbwa akatufuata kisha akatuona hatuna maana akarudi. Nilianguka mara nne, nasema ukweli, mara ya tano sikuanguka, nilikaa mwenyewe. Lakini baridi sikuisikia. Nikafungua zipu, jasho linashuka mgongoni, nikaanza kutamba: "Unaona koti hili? Unaona mali? Saini, mzee, turudi nyumbani!" Yeye anatembea tu, mdomo wake unatoa moshi kama birika. Zikapita saa mbili hivi, tukatoka msituni, mbele yetu ziwa, lote barafu, na juu yake wazee wamekaa kwenye viti vidogo, kila mmoja na tundu lake, wanavua samaki.

Mangi akamwomba mzee mmoja kiti na tundu. Mzee akatoboa barafu kwa keekee, akanipa kamba yenye ndoana. Mangi akanitua begi, akanivua na viatu vya wavu. "Sasa kaa," akaniambia. "Nusu saa. Ukinyanyuka na maneno yale yale uliyokuwa ukisema kule msituni, nasaini." Nikaona nimeshashinda. Nusu saa ya kukaa! Mimi nimekaa vituo vya polisi wa jiji nikiwa machinga. Nikakaa.

Dakika za mwanzo nilimtania. Kisha jasho la mgongoni likaanza kugeuka. Sijui niseme vipi mlielewe, ninyi mnaosoma hili mkiwa na feni juu. Ni kama mtu amekupaka maji ya friji halafu akayabandika. Ile pamba ya ndani, niliyoisifu kwa vidole vyangu, ilinyonya jasho ikajikunja mabonge mabonge, mabegani ikabaki nguo tupu. Meno yakaanza kugongana. Nikasema labda nisimame. "Kaa," akasema. Miguu ikaanza kuuma, baadaye ikaacha kuuma, na nilifurahi ilipoacha. Mangi hakufurahi. Akachuchumaa, akanishika kiatu, akakunja ncha yake kidogo tu. Soli ikapasuka kati kama biskuti, na gundi ikaachia upande mzima. Nikaiona soksi yangu.

Hata hapo, wasomaji wangu, sikukubali. Naliandika hili kwa sababu miaka yote nimelisema vingine. Nilikuwa natetemeka, nikafikiria neno langu kwa mteja, nikafikiria siku nne zilizobaki, nikamwambia: "Mangi, mimi ni mtu wa joto, ndiyo maana. Wale ni wagumu. Jina lenyewe wagumu!" Alikaa chini, juu ya theluji, akavua kiatu chake cha kushoto, akavua soksi mbili, akaniwekea mguu wake mbele. Vidole viwili havikuwapo. "Mgumu hagandi akiwa anatembea," akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama anayenielekeza njia ya sokoni. "Anafika kambini ameloa jasho, anatua mzigo, anamngoja mtalii ambaye bado yuko nyuma. Pale anapokaa, ndipo baridi inamla. Mimi nilivaa kiatu kama hicho. Kipya. Na aliyeniuzia alikuwa mtu mzuri, mcheshi sana. Kama wewe." Akavaa soksi zake taratibu, moja, ya pili. Mzee mwenye tundu alituangalia, akatazama mguu, akatazama kiatu changu, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake akanipa mimi, si yeye.

Nilimpigia simu laoban nikiwa palepale juu ya barafu. Nikamwambia asipakie. Ile mei wenti yake iligeuka matusi ya Kikantoni ambayo namshukuru Mungu siyajui. Mzigo ule haukuondoka, msimu ule ukatupita, na mteja wa Moshi nilimweleza mwenyewe; alinikasirikia vya kutosha. Jioni ile Mangi aliingia kwenye chemchemi ya maji moto, nje kabisa, pamoja na wazee wa Kichina, nywele zao zimeganda nyeupe na miili imo kwenye mvuke, wanacheka. Mimi nilikaa pembeni na makoti mawili. Akaniambia, "Ingia, bosi, maji hayana kasoro, nimekagua." Nikaingia. Sijaingia raha kama ile tena.

Baada ya sikukuu tulirudi kiwandani, yeye na mimi, tukabadilisha pamba, soli na gundi, na koti la kwanza Mangi alilipeleka mwenyewe kwenye theluji kabla haijayeyuka. Mteja alitusubiri, na hajaniacha mpaka leo. Jina likakua. Na mimi, mdomo wangu huu, nikaanza kusimulia hapa Dengfeng kwamba niliona mbali, kwamba nilikataa kupakia mpaka nikajaribu bidhaa zangu mwenyewe kwenye barafu, maana mimi si mfanyabiashara wa kubahatisha. Siku moja nikawa nasimulia hivyo mezani kwa vijana waliotoka Dar juzi, sikujua kama Mangi amekaa nyuma yangu na kikombe chake. Nilipogeuka, nikamwona. Yeye akatikisa kichwa kwa wale vijana, uso mkavu. "Ni kweli kabisa," akasema. "Na alivua samaki watatu." Kisha akanywa chai yake. Hakunikumbusha tena, si faraghani, si kwa utani. Nadhani aliona kwamba makoti yameshakuwa mazuri, na mengine ni kelele za Mnyamwezi.

Biashara yetu hii tunaifanya mbali na mtu atakayevaa. Tunanunua koti kwenye mji wa joto, tunauza kiti cha magurudumu huku tunatembea, tunashika blanketi la mtoto dukani na kusema laini. Vidole vyetu ni hodari, sikatai, vyangu hasa. Lakini vinashika kitu kikiwa kipya, kikavu, mchana, na mwenye kushika ameshiba. Mangi alijua kwamba kitu hupimwa pale mtu anapokuwa amechoka, ameloa, na hana tena pa kwenda.

Jumamosi nilitumiwa video. Mvua ilikuwa ikinyesha Moshi, njia ya kihambani imekuwa tope tupu kati ya migomba, nayo inapanda. Waliobeba jeneza walikuwa wagumu, sita, wazee wenzake na vijana, wamevaa makoti yale na viatu vile. Nawaomba radhi ndugu zake, sikulitazama jeneza. Nilitazama viatu. Mmoja alizama mpaka kwenye kifundo, akavuta mguu, na kiatu kikatoka kizima na soli yake. Wakafika juu, wakasimama kwenye mvua wakimngoja mchungaji amalize, na ibada ilikuwa ndefu. Hakuna aliyetetemeka.

Basi niliandike kwa mkono wangu, lisomwe Kariakoo na lisomwe Dengfeng. Kwenda kwenye theluji hakukuwa wazo langu. Mimi nilitaka kupakia. Niliyekalishwa ni mimi, na aliyenikalisha ni yeye. Nanyi mnaouza cha kumkinga mtu, vaeni kwanza, mloe jasho, kisha mkae. Nusu saa tu. Na samaki, sikuvua hata mmoja.