Kikohozi Nilichokimeza Ghalani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la mafuta ya zeituni nyuma ya mtaa wa Al Rigga, huku Uarabuni, nilisimama mlangoni hadi Mzee Faki aliponikaripia. "Umekuja kazi au umekuja kuposa? Ingia!" Yeye alikuwa Mzanzibari, mwonjaji wa ghala. Mimi ni mtu wa Malindi, niliishia darasa la nane, na nilikuwa na haya hata ya kuomba maji. Kuandika kwangu ni kwa polepole, lakini vijana mnaokuja huku mjue kazi ile ilivyokuwa.

Mafuta hutiwa katika kikombe kidogo cha glasi. Unakifunika kwa kiganja mpaka kipate joto la mkono. Unanusa, unavuta funda pamoja na hewa, kisha unameza. Mafuta mapya, ya zeituni zilizochumwa bado mbichi, huwasha koo mpaka ukohoe. Hayo ni daraja la kwanza. Yakiteremka kimya kama maji, zeituni zilikaa mno katika magunia; hayo ni daraja la pili, na bei yake ni karibu nusu.

Mzee Faki alipozidiwa na sukari alibaki na funguo tu, nami nikawa mwonjaji. Mudiri, meneja wetu, alinichagua kwa sababu sikuwa na maneno. Juu yake alikuwa arbab, mwenye mali, ambaye hakuwahi kuniuliza jina.

Kila majira ya baridi alikuja Abu Salim, mkulima kutoka milima ya Sham, na madebe yake. Zamani serikali ya kwao ilimpa mkulima ruzuku, yaani msaada, kwa kila debe alilokamua. Msaada huo ndio uliolipa wachumaji. Bei tuliyomlipa sisi ilikwenda nyumbani kwake. Halafu utaratibu ukabadilishwa. Ruzuku ikafuata hati ya ardhi, si mafuta. Shamba la Abu Salim lilikuwa bado kwa jina la babu yake, marehemu, na warithi hawakuwahi kugawana. Wenye hati walioishi mjini wakalipwa kwa mashamba yaliyoota miiba tu. Yeye aliyechuma hakupata kitu.

Mwaka huo alikuja akitaka bei nzuri, maana wachumaji walikuwa wakimsubiri. Mudiri alikwisha kusikia habari ya ruzuku. Aliniita pembeni.

"Leo usikohoe."

"Lakini, sir, kama ni mazuri..."

"Hana pengine pa kuyapeleka. Yalla, nenda."

Nikaonja mbele yao wote. Mafuta yale yaliniwasha kama pilipili. Nikabana koo, nikameza, machozi yakanitoka. Abu Salim alikuwa akinitazama mdomoni, akingoja.

"Daraja la pili," nikasema.

"Na machozi hayo, mwanangu?"

"Khalas," mudiri akasema, akampa karatasi. Abu Salim akatia sahihi.

Alipoondoka, Mzee Faki alifunga mlango. "Hongera. Umekula riziki ya mtu kwa funda moja. Hata mchwa hula polepole."

"Ningefanya nini, mzee? Viza yangu iko mikononi mwao."

"Ungekohoa! Kikohozi kina viza?"

Msimu uliofuata Abu Salim hakuja. Wa pili alikuja, bila madebe. Alileta vibao vya kukatia mboga, vizito, vyenye mistari ya kahawia, vinavyopendwa na madamu wa mtaa wa JVC. Mudiri alivinunua vyote papo hapo, kwa bei aliyotajiwa. Nilipokuwa nikivipanga, Abu Salim alisimama karibu yangu.

"Ile miti ya babu?" nikauliza.

"Ndiyo yenyewe. Mbao hazionjwi, mwanangu. Sasa silihitaji koo lako."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Nimeachishwa kazi kabla sijafika umri wa miaka thelathini; siku hizi mafuta hupimwa kwa mashine huko huko yanakotoka. Mudiri aliniandikia barua ya sifa: mtulivu, mtiifu, hana ubishi. Sijamwonyesha mtu. Nikieleza habari hii, wenzangu hunifariji kwamba ni serikali ya kule iliyoikata miti ile kwa utaratibu wake mpya. Ni kweli. Lakini msumeno wa mti mkubwa hushikwa na watu wawili.