Macho ya Mama Solange, Mchonga Kashe

Mjini Butembo karatasi bila kashe ni ya kufungia karanga tu. Bila ule muhuri wa mpira, barua ya parokia haisomwi, na shamba lako la Lubero laweza kuamka asubuhi likiwa la mtu mwingine. Kwa miaka kumi na tisa, aliyetaka kashe safi alimwendea Mama Solange, mwanamke mfupi, mdomo pilipili, mwenye wembe mkononi na kipande cha mpira gotini. Alichonga herufi kinyumenyume, ndogo kama mayai ya chawa, huku akikusema kwa kuchelewa. Watu walimpenda hivyohivyo.

Tena kulikuwa na desturi. Mwenye kashe haondoki. Unaketi kwenye kigoda, unaukazia macho mkono wa mchongaji toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, halafu unaokota hata vumbi la mpira ukalichome kwako. Maana mchongaji akibaki peke yake na jina lako atachonga mbili, na ile ya pili itauza ng'ombe wako wewe ukiwa misani.

Sasa mume wake, Zorobabel. Huyo alikuwa fundi wa redio. Redio zikafa, akabaki kutengeneza maneno. Jina lililoandikwa mlangoni pa kibanda cha kazi lilikuwa lake, lakini kila mteja akiingia anauliza, "Mama iko?" Hilo lilimkera mpaka usingizini. Siku moja akapanda gari kwenda Beni, akarudi na mashini aliyouziwa na Mashaka, mfanyabiashara wa kule anayeleta vitu kutoka Kampala. Kamashini kadogo ka laser, kanatoa mwali wa buluu mwembamba kama uzi, unachoma mpira na kuandika lolote ulilopanga kwenye ordinateri, yaani kompyuta.

Mashaka alimwonya, tena Zorobabel mwenyewe alilisimulia onyo hilo nyumbani huku akicheka: "Hii kifuniko usiondoshe. Na hii lunete ya kijani iko moja tu. Mutu hana yake, asiangalie. Hii mwangaza haina huruma."

Kifuniko kilidumu siku mbili. Wateja walikikataa katakata. "Kashe yangu ichongwe ndani ya sanduku sawa maiti? Hapana!" Wakawa wanainuka kwenye kigoda, wanavaa kofia zao, wanaondoka. Zorobabel akashika turnevisi, akafungua skrubu, akakitoa kifuniko. Halafu akapita sokoni akanunua jozi mbili za miwani ya jua, nyeusi tititi, moja kwa ajili ya wateja, nyingine kwa mke wake. Ile lunete ya kijani, miwani ya kinga iliyokuja na mashini, akaivaa yeye. Mpumbavu wa wapumbavu! Miwani ya jua haiuzuii mwali ule hata kidogo. Kwa giza lake mboni inapanuka tu, na mlango wa jicho unabaki wazi zaidi kuliko mwanzo.

Kazi ya Solange ikawa kuubana mpira usijikunje, kupuliza moshi na kusoma herufi kama zimetoka sawa. Pua yake ilikuwa karibu na mwali kuliko pua ya mtu yeyote pale ndani.

"Zoro, nipatie basi ile ya kijani. Ni mimi niko karibu."

"Na nani anaongoza mashini? Weye unashika mpira tu. Yako ni nyeusi kupita yangu, unatafuta nini tena?"

Mdomo wa pilipili ulikuwa wa wateja. Mbele ya mume alishika mpira.

Ndipo akaja Éliakim, prezida wa ushirika wa wasafirisha viazi wa Lubero. Kashe yake ikachongwa, akaridhika, akatoa mfukoni kibati king'aavu kama kioo. Alitaka jina la ushirika liandikwe hapo, kwa mlango wa ofisi. Zorobabel hakuwa amejaribu bati hata siku moja. "Mashini yangu haishindwe," akasema, akawasha. Mwali ukagonga bati, bati likaurudisha. Éliakim alikuwa ameinama chini ya meza anaokota vumbi la kashe yake. Solange alikuwa ameinama juu ya bati.

"Yesu wangu! Kitu imeniingia mu macho!"

"Ni moshi. Shika!"

Haikumuuma hata kidogo, na hapo ndipo ubaya wote ulipo. Akashika mpaka mwisho. Asubuhi yake akamtazama mume wake, akaona masikio mawili, kola ya shati, na kati yake pengo la kijivu. Jirani aliyekuwa ananyonyesha akamkamulia maziwa machoni siku tatu. Zorobabel akasema mwanamke ananuna tu. Siku ya nne akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana mmoja, Kambere, mpole. Alimulika jicho la kuume, akamulika la kushoto, akarudi tena la kuume.

"Mama, nyuma ya jicho kuko pahali kadogo yenye inasoma. Imeungua. Macho yote mbili."

"Itapona lini, docteur?"

"Haitapona, mama. Pole sana."

Unajua Zorobabel alifanya nini? Alivuta kiti, akaketi, akasema: "Docteur, angalia na yangu kwanza." Yake yalikuwa mazima kabisa. Akatoka mlangoni akimshukuru Mungu kwa sauti, na Solange nyuma yake ameshika pindo la koti ili asijikwae.

"Unanivuta koti," mume akamwambia.

Haikupita hata miezi miwili, Éliakim akarudi kwa hasira. Lori zima la viazi lilikuwa limetoka kwenye depo kwa karatasi yenye kashe yake, na yeye hakuigonga.

"Nilikaa hapa, nikalinda na macho! Kumbe jina yangu ilibaki ndani ya ordinateri!"

Zorobabel akaapa kwa kaburi la mama yake. Jasho lilisema mengine. Éliakim akampa mgongo, akachuchumaa mbele ya Solange, akaweka mpira mpya gotini pake kwa heshima.

"Mama, nichongee na mukono sawa zamani. Benzangu bote bamesema mashini hapana tena. Batarudia kwako bote."

"Chonga basi," Zorobabel akasema haraka. "Ni kitu umezoea."

Solange akachukua wembe. Akaitazama herufi ya kwanza, ikapotea. Akatazama pembeni, ikarudi. Akaitazama tena, hakuna. Akakata kwa kukisia, wembe ukaingia kwenye dole gumba.

"Papa Éliakim, siko naona."

"Ni uzee," mume akadakia.

Alikuwa na miaka arobaini na moja. Akageuza kichwa kuelekea ile sauti.

"Uzee? Macho yangu ulivaa weye, Zoro, ile ya kijani!"

Éliakim akamfunga kidole kwa leso yake, akakohoa. Alikuwa na huruma kweli, lakini kashe aliitaka kabla ya jioni. Akauliza kwa sauti ya chini kama kuko mchongaji mwingine.

Solange akaweka wembe chini.

"Kuko Kitsa, njia ya Rughenda. Mimi nilimufundisha, nikamufukuza. Anachonga mubaya," akasema. "Lakini anaona."

Éliakim akamshukuru, akaenda.