Mita Moja na Nusu ya Utepe

Jumamosi nilikuwa katika duka la vitambaa hapa Tanga nikichagua vifungo. Pembeni yangu binti wa darasa la sita alikuwa amemkamata mwalimu wake wa hesabu, machozi yakimlenga.

"Mwalimu, mie hesabu basi. Kugawanya si kupunguza? Vipi moja nukta tano nigawanye kwa sifuri nukta tatu, nipate tano?"

Mwalimu hakubishana. Alinunua utepe wa mita moja na nusu, akampa mkasi. "Kata vipande vya sifuri nukta tatu ya mita. Ni sentimita thelathini."

Binti alipima, akakata, akahesabu kwa sauti. Kipande cha tano kikamaliza utepe, haukubaki hata kidogo.

"Tano!" Akaruka. "Kumbe tunauliza vinatoka vipande vingapi!"

"Hivyo hivyo, mwanangu. Sasa zidisha namba zote mbili kwa kumi."

"Kumi na tano kugawanya kwa tatu… tano tena!"

Wateja tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana shuleni nilifaulu kwa kuhamisha nukta tu, na sababu yake niliijua Jumamosi hiyo.