Popi Aliyehamia Manga

Anyiko aliuza omena, wale dagaa wa ziwa, katika soko la Ikonge miaka mingi, hata wenyeji wakasahau kwamba kwao ni ziwani. Wote walimwita Mama Pam, na wote walimjua mbwa wake, Popi, aliyeshinda chini ya meza akisubiri makombo. Alikuwa mwoga ajabu. Jogoo akimkodolea macho, mbio nyuma ya sketi ya mama.

Mumewe Anyiko alipofariki, binti yake Pam alimchukua wakaishi Kisii mjini, kwenye ploti ya kupanga ambayo mwenye nyumba hakutaka mbwa. Popi akaachwa kwa jirani, mzee Nyangate, mkulima wa chai. Hakukaa. Alitafuna kamba, akatokomea upande wa mlima wa Manga, kwenye majabali.

Anyiko alimlilia kama mfu. Mbwa aliyelelewa kwa ugali angekula nini kwenye mawe yale?

Mwaka uliofuata Nyangate akapiga simu. "Mama Pam, mbwa wako nimemwona. Anawinda pimbi utadhani alizaliwa huko!"

Jumapili hiyo Anyiko akapanda mlima nyuma ya mzee, magoti yakimuuma, omena za kukaanga mfukoni. Wakaketi kimya. Jua lilipokolea, pimbi wakatoka kuota joto. Ndipo Popi akatokea, mwembamba, sikio moja limechanika. Alinyata, tumbo likigusa nyasi, akiuelekea upepo ili asinuswe. Kufumba na kufumbua, pimbi mmoja alikuwa mdomoni.

"Popi!" Anyiko aliita.

Mbwa akaganda. Kisha akaweka windo lake chini, akasogea hatua kwa hatua, akaulamba mkono wa mama.

"Nina kamba hapa," Nyangate akanong'ona. "Tumfunge?"

"Nimpeleke wapi, mzee? Mwache."

Alimwaga omena juu ya jiwe. Popi akaonja kidogo, akachukua pimbi wake, akapotea kati ya miamba.

Anyiko hakutaka kuinuka. Alimsimulia Nyangate siku marehemu alipomleta Popi nyumbani, mvua inanyesha, amemficha ndani ya koti akidai ni mkate. Na mkate ukalia.

"Mume wako huyo!" Nyangate akacheka hadi akakohoa. Naye akaanza yake, ya marehemu na baiskeli mbovu.

Kivuli cha mlima kilipowafikia, wakashuka taratibu, wakishikana mikono penye utelezi.